Damian Alikufa na Mwili Wake

Kwikwi ilimtisha Paskazia kuliko damu. Damu ilikuwa kidogo tu, kwenye fizi, na mtu anaweza kujidanganya kwamba ni jino. Lakini kwikwi ya mumewe ilianza jana asubuhi, ikalala naye, ikaamka naye, na sasa hata akiwa nje anamenya ebitoke, ndizi za kupika, anaisikia inagonga kule ndani kama mtu anayepigilia misumari. Macho ya Damian yalikuwa mekundu kabisa, kama ya mtu aliyepuliza moto wa kuni mbichi. Maji akinywa yanarudi.

"Immakulata!" aliita. "Njoo unisaidie kumpandisha kwenye baiskeli."

Immakulata, jirani yake wa kuombana chumvi, alisimama palepale mwisho wa kibanja chake, katikati ya migomba.

"Mume wangu hayupo, waitu."

"Sijamwita mumeo. Nataka mikono yako."

"Mikono ina udongo," alisema Immakulata, akaingia ndani kwake.

Paskazia akaelewa. Ilikuwa mwaka wa themanini na tano, na ule ugonjwa tuliokuwa tunauita Juliana, kabla haujaitwa ukimwi, ulikuwa umeingia kila kilima, kuanzia Bukoba mpaka huku kwetu Muleba. Mtu alikonda mpaka shati likabaki kama limetundikwa kwenye kijiti. Tulizika Jumatatu, tukazika na Alhamisi. Na Damian alikuwa mgambo wakati wa vita, alifika mpaka Uganda. Wenzake walirudi na redio na saa za mkononi, yeye akarudi na blanketi la kijivu. Walimcheka sana kilabuni: "Damian, vita vizima hivyo umeleta blanketi?" Siku hizi hakuna aliyecheka. Aliyefika Uganda akiugua, hata kama ni kidole kinauma, jina la ugonjwa wake lilikuwa limeshatangulia barabarani.

Lakini Paskazia alijua mume wake ugonjwa kautoa wapi. Kautoa pangoni.

Pango lenyewe liko juu ya kijiji, kwenye miamba, ukipandia njia ya Kagoma. Popo wake si hawa wadogo wa darini. Ni wakubwa, wana uso kama wa mbwa, na chakula chao ni matunda. Jua likizama wanatoka kule kama moshi, wanashuka kwenye vibanja, kwenye mapera, kwenye ndizi zilizoivia mgombani. Tumekua nao. Ndizi iliyoumwa na popo mama anakata pale palipoumwa, inayobaki anampa mtoto, na ndiyo tamu, maana popo hagusi mbichi. Hatukuwa na ugomvi nao. Kule kwao hakuna aliyekuwa anaingia, kunanuka, na mikojo yao inadondoka kutwa kama manyunyu.

Mpaka mwenyekiti wa kijiji, Gamaliel, aliposikia huko alikosikia kwamba mavi ya popo ni mbolea kubwa ya kahawa. Ikatangazwa kuwa kazi ya kijiji, mbolea ya kitalu cha miche. Asiyefika kwenye kazi nyingine, huyo anapelekwa pangoni kama adhabu. Asipomaliza zamu yake, anaimaliza mtu mwingine wa nyumba yake. Kitalu cha kijiji kilikuwa ndani ya kibanja cha Gamaliel.

Damian hakufika kwenye kazi ya barabara kwa sababu alikuwa anachimba makaburi. Akamweleza mwenyekiti hivyohivyo, mbele ya watu.

"Makaburi hayaishi, Damian," Gamaliel akamjibu. "Tukiyangoja yaishe, barabara italimwa na nani? Na marehemu?"

Watu wakacheka, na Damian mwenyewe akacheka. Akapelekwa pangoni, yeye na Lameki, mwanakijiji mwenzake. Waliwasha majani makavu ya migomba kufukuza popo, popo wakawarukia usoni, wakawakojolea, nao wakachimba na kujaza magunia. Damian alirudi nyumbani anajinusa. "Mke wangu, leo utalala na mbuzi dume," alisema. Siku chache baadaye kichwa kikaanza, ikafuata homa.

Sasa Lameki naye alikuwa amelala, vilevile, na kwikwi. Na zamu ambayo Damian hakuimaliza ilikuwa inamngojea Kokugonza, mtoto wao wa pekee, msichana aliyeanza juzi tu kufunga kanga kama mtu mzima.

Walimfunga Damian kwenye baiskeli kwa kanga. Paskazia akasukuma, Kokugonza akamshikilia mgongo. Walipofika zahanati, mganga Ildefons alisimama mlangoni, mikono imeshika miimo ya mlango huku na huku.

"Huyu alikwenda vita?"

"Alikwenda. Dakitari, anatapika, ana kwikwi..."

"Alivuka? Alifika Uganda?"

"Alivuka."

Ildefons akashusha pumzi. "Basi, mama. Mrudishe nyumbani, mpe uji. Ugonjwa huu hauna dawa."

"Hujamgusa."

"Siyo lazima nimguse."

Paskazia akalivuta lile blanketi la vita alilofunikwa, paja la mume wake likabaki wazi pale uani, mbele ya wagonjwa wote. Lilikuwa paja nene, la mtu anayepanda kilima na mzigo.

"Tazama. Huu ni mguu wa Juliana? Mtu wa Juliana anaisha polepole, mwaka mzima tunamuona anaisha. Huyu juzi alikuwa amebeba gunia la mavi ya popo. Yeye na Lameki."

Mganga akautazama mguu. Akayatazama yale macho. Kisha akatazama njiani, huku na huku, akauliza kwa sauti ndogo:

"Lameki naye ana kwikwi?"

"Anayo."

"Mama, nisikilize. Nikisema hii ni homa ya pangoni, nitaulizwa inaitwaje, na mimi siijui. Nitaulizwa ni nani aliwapeleka pangoni. Huyo namjua. Nyumba ninayolala na watoto wangu ni ya nani?"

"Ya mwenyekiti."

"Umeona. Hii nyingine ina jina tayari. Hakuna anayeuliza."

Damian alikufa kesho yake mchana, watu wakiwa mashambani. Kwikwi ilikatika katikati. Paskazia alimwosha peke yake kwa mikono mitupu, damu ya mdomoni akaifuta kwa upande wa kanga, na Kokugonza alipotaka kusaidia akamfukuza.

Kaburini Gamaliel alisema maneno. Alisema vizuri, mwenyekiti yule alijaliwa ulimi. "Ndugu zangu, waliokwenda Uganda walituletea ushindi. Lakini walituletea na kitu kingine. Vijana, tulieni na wake zenu."

"Fungueni sanduku," Paskazia alisema.

Watu wakageuka.

"Fungueni waone mikono yake! Amekufa na mwili wake wote! Ni pango!"

"Mama ana uchungu," alisema Gamaliel. "Mshikeni."

Hakuna aliyemshika. Waliokuwa karibu naye walirudi nyuma, Paskazia akabaki amesimama peke yake kwenye udongo mbichi, mpaka sauti ikamwishia.

Haukupita muda tukamzika Lameki. Lameki hakwenda vita, Uganda hakuijua hata kwa ndoto. Wakasema basi ameutoa visiwani, kwa wanawake wa wavuvi, maana aliwahi kwenda kununua samaki.

Paskazia akaenda kwa mwenyekiti. Alipiga magoti mlangoni kama ilivyo heshima yetu, na Gamaliel hakumwambia ainuke.

"Mwenyekiti, waitu. Funga pango."

"Nitawaambia wananchi nimelifunga kwa nini?"

"Linaua."

"Kilichomuua mume wako kilitajwa kaburini, mama. Ulikuwepo."

"Ulikitaja wewe."

"Na mganga? Mganga alitaja nini? Au wewe umesoma kuliko mganga?" Alicheka kidogo, bila ubaya, kama mtu anayecheka na mtoto. "Kijiji kina utaratibu. Zamu ya nyumba yako haijaisha. Kokugonza ana nguvu, namuona akichota maji."

Paskazia aliyashika magoti yake mwenyewe. "Nyumba yangu itatoa mtu," alisema. "Lakini siyo huyo."

Siku Paskazia aliyopanda pangoni walikuwa wengi, maana misiba ilikuwa mingi na wengi walikuwa wamekosa kazi ya barabara. Immakulata alikuwemo. Walichimba mpaka mchana, ikanyesha mvua kubwa, wakaacha kazi ili wale chakula. Mdomoni mwa pango kulikuwa na jiwe pana, kavu, lenye mwanga. Paskazia ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa pale. Wengine walipofika na kumkuta, waligeuka wakarudi ndani kwenye giza, wakabanana chini ya popo.

Immakulata alimenya ndizi yake. Kitu kikadondoka kutoka juu kikatua kwenye ndizi. Akaifuta kwenye paja, akauma.

"Immakulata! Tokeni huko jamani! Hao popo ndio walioua!"

"Paskazia, tuache," Immakulata akajibu mdomo umejaa. "Wewe Juliana yako kaa nayo."

"Anataka tukakae naye!" mwanamume mmoja akasema, wakaangua kicheko, popo wakashtuka na kupiga mabawa juu ya vichwa vyao.

Paskazia akainuka. Akatoka akaenda kusimama kwenye mvua, mbali kabisa, mpaka kwenye majani.

"Haya, nimetoka!" akapaza sauti. "Njooni mwangani!"

Maji yalimwingia machoni, akayafuta, akatazama tena. Kule ndani waliliangalia lile jiwe alilokuwa amelikalia. Lilikuwa kavu, na lilikuwa linawatosha wote. Hakuna aliyesogea.