Kichupa cha Mwalimu

Dada yangu ana pua, jamani. Tangu nitoke kwenye kituo cha kuacha pombe akanipa kazi ya kunyoa kwenye saluni yake, pua hiyo ndiyo bosi wangu. Aliondoa spiriti yote dukani, pamoja na marashi ya kupaka ndevu, maana anajua nilishawahi kunywa vyote viwili. Sasa vifaa tunavichemsha kama viazi. Wateja wakiuliza, anasema nina mzio wa spiriti. Anadanganya kwa ajili yangu huku akikunja taulo, wala hapepesi macho.

Leo asubuhi alikuja mwalimu mstaafu, mtu anayeogopa vijidudu kuliko simba, na kichupa chake cha spiriti. Nikamnyoa, nikampaka spiriti yake, akaenda zake. Kichupa akakisahau mbele ya kioo. Nilikitazama, nikakitia kwenye mfuko wa koti langu la kazi, kisha nikamwita fundi viatu akae kitini. Mkono ulikuwa kichwani pake, lakini akili ilikuwa chooni, kwenye ule mlango wenye komeo.

Dada akatokea chumba cha nyuma na taulo. Akasimama ghafla, akanusa.

"Nipumulie."

"Dada, nina mteja."

"Nipumulie, nimesema."

Nikampumulia, mtu mzima na mvi zangu, kinywa wazi mbele za watu. Kwenye benchi la wateja mmoja akajifanya anasoma simu. Nilitamani ardhi ipasuke. Na nilimchukia dada yangu, sifichi.

Fundi viatu akanitetea. "Mama, unamwonea bure. Yule mwalimu ndiye kaja na spiriti yake, nimemwona mwenyewe."

Dada akaziachia taulo sakafuni. "Nisamehe, mdogo wangu. Unajitahidi, halafu mimi nakudhalilisha mbele za watu."

"Mtie moyo, mama," mzee mmoja kwenye benchi akasema. "Kijana amebadilika huyu."

Benchi zima lilikuwa upande wangu. Miaka yote ya ulevi sikuwahi kutetewa hivyo. Ningekaa kimya tu, mambo yangeishia hapo, na choo kilikuwa hatua chache. Lakini dada alikuwa amenishika mkono analia.

"Usiniombe msamaha, dada."

Nikatoa kichupa, nikakiweka kiganjani mwake. Kilikuwa kimeshapata joto la mwili wangu.

Mzee wa kwenye benchi akainamia viatu vyake. Dada akakimwaga kwenye sinki, akafungulia maji mpaka harufu ikaisha. Kisha akajifuta machozi, akaokota taulo.

"Mmalizie mteja," akasema, akageuka kurudi chumba cha nyuma.

Fundi viatu alikuwa angali kitini, kichwa kimenyolewa nusu. Hakuinuka. Nikaishika mashine, lakini sikuiwasha.

"Dada," nikasema, mbele yao wote. "Usitoke. Kaa hapa unichunge."