Kisu cha Ngurario

Jumamosi mchana Jerioth alikuwa jikoni kwake, mjini Richardson, Texas, akisukuma chapati, bado amevaa sare ya kazini, Precious na Shem walipoingia kwa mlango wa nyuma. Walipangusa viatu vizuri. Precious alikuwa amezikwa mwezi Machi. Shem alitangulia zamani sana, na bado alivaa ile suti ya mahakamani.

Jerioth alimfahamu Precious kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi ya uuguzi. Alimwogesha, akamsuka nywele, akasikia habari yote: Precious mweusi, Shem mzungu, na sheria ya Texas iliyowakataza kuoana. Walikwenda mahakamani wakashindwa. Sheria ilipokuja kubadilika, Shem alikuwa kaburini. Siku aliyosimuliwa hayo, Jerioth alilia hadi Precious akampa kitambaa chake.

"Chai yangu isiwe na sukari," alisema Precious. Tangu azikwe alizungumza Kiswahili kizuri. "Leo si ngurario, ile harusi ya kimila, ya binti yako?"

"Ni leo."

Simu iliita. Alikuwa Shiru, binti yake, yuko ukumbini Arlington.

"Mum, kisu hakikati. Anko Kariuki amekinoa mara mbili. Sheldon amejaribu mpaka mkono umevimba. Bega la mbuzi liko tu hapo."

"Mbuzi wa Texas ni wagumu."

"Mum, please. Wazee wanasema hakitakata mpaka wewe ukubali. Cheti cha serikali tunacho, lakini Sheldon asipokata hii nyama anilishe, kwetu mimi sijaolewa. Just come."

"Niko kazini," alisema Jerioth, akaiweka simu kando ya unga.

Shem aliitazama ile sare. Alimsogezea Precious kikombe.

"Sheldon ni kijana mzuri," Jerioth alisema. "Alinibadilishia tairi kwenye mvua. Lakini ni mzungu. Nilitaka mkwe ambaye mama yangu kule Nyeri angeongea naye kwa simu. Si chuki."

"Hata jaji wetu hakuwa na chuki," alisema Precious. "Aliongea kwa upole kabisa. Alimpa Shem maji ya kunywa."

Jerioth alimchagulia chapati iliyo laini kuliko zote.

Ukumbini wageni walikula wali, wakaenda zao. Bega lilirudishwa kwenye friza, na Jumamosi iliyofuata likatolewa tena. Kisu hakikukata. Kariuki alinunua kingine, nacho kikakataa. Watu walizoea, wakawa wanakuja na keki.

Siku hizi, kila Jumamosi, Precious na Shem hufika mapema. Jerioth amenunua kiti chenye mto kwa sababu mgongo wa Shem unauma. Sare huivaa hata siku ambayo hana zamu. Simu ya Shiru ikiita, huwaongezea wageni chai kwanza, kisha husema yuko kazini.