Ukurasa wa Ndege Namba Saba

Sajini Likando aliikataa ndege namba saba Jumanne asubuhi, mbele ya watu. Pampu ya mafuta ilikuwa mbovu na injini ikikohoa kila ilipopandishwa nguvu. Akaandika kwenye kitabu cha ndege kwa herufi kubwa: ISIRUKE.

"Shemeji, unanikwamisha," alisema Meja Sitali, mkuu wa karakana, ambaye Likando alikuwa amemwoa dada yake. "Wanafunzi wana mtihani wiki hii, na ndege zenyewe tatu."

"Basi warushe mbili."

"Haya, nimekusikia. Nenda kanywe chai."

Kikombe hakijaisha, Likando akaisikia namba saba ikipaa, kisha injini ikakatika. Mwanafunzi aliruka kwa mwavuli, akavunjika mguu. Mwalimu wake, Kapteni Mwiya, alibaki akiivuta ndege isiwaangukie watu sokoni. Ikaanguka naye ng'ambo ya Zambezi, kwenye majani.

Jopo la uchunguzi lilipokaa, kitabu kililetwa. Ukurasa wa Jumanne ulisema ndege ni nzima. Chini palikuwa na jina la Likando, kwa mwandiko usio wake.

"Sajini hakuniambia lolote," Sitali alisema, akitazama ukuta.

Likando hakubabaika. Kila ukurasa ulikuwa na nakala ya kaboni ambayo fundi hubaki nayo, na ile ya Jumanne aliificha nyumbani, sandukuni, chini ya nguo za kanisani. Akaomba ruhusa ya nusu saa, akatoka mbio.

Sandukuni hamkuwa na kitu. Namakau, mkewe, alikuwa uani akiparua samaki.

"Karatasi yangu iko wapi?"

"Kaka alikuja jana."

"Ukampa?"

"Angefungwa, Baba Nasilele. Ana watoto sita yule. Kasema wewe utahamishwa tu."

"Na mimi si mtu?"

"Wewe ni mume wangu. Yule tumenyonya ziwa moja."

Kisu kikaendelea kuparua. Uongo wa Sitali ulikuwa umemkasirisha. Hili la mkewe lilimuuma zaidi, akarudi kwa jopo mikono mitupu.

Kabla ya mwezi kwisha alifukuzwa jeshini. Siku hiyohiyo alikwenda kwa Inutu, mjane wa Mwiya, akaketi mkekani, akamweleza yote.

"Una ushahidi?"

"Nilikuwa nao, mama. Sasa sina."

"Sitali aliniambia ni wewe uliyemuua mume wangu. Aliniambia hapahapa, ametoka kulibeba jeneza." Inutu akavuta daftari la mwanawe. "Anza tena. Polepole, niandike."

Walimaliza alasiri. Likando akarudi nyumbani kufunga nguo zake. Mezani palikuwa na ugali wa nshima na samaki, vimefunikwa kwa kitambaa safi.

"Hutakula?" Namakau aliuliza kutoka mlangoni.

Alifunga mkoba, akampita bila kumgusa.