Sahihi ya Curtis

Siku moja kabla ya mwisho wa kupeleka hesabu za kodi, Marlys Lindgren aliambiwa jambo lililomkausha mate. Mwaka uliopita alikuwa ameweka dola elfu saba kwenye akaunti yake ya uzeeni. Kama angejaza fomu pamoja na mumewe, hakungekuwa na neno. Lakini Curtis alihama nyumbani mwezi wa kumi, akaenda kukaa kwa kaka yake, na sasa hataki kutia sahihi kwenye fomu ya pamoja. Bi. Tollefson, mhasibu wao wa miaka mingi pale mjini Duluth, akamweleza kwamba mwenye ndoa anayejaza peke yake, kwa mshahara kama wake wa uuguzi wa shule, haruhusiwi kuweka hata senti katika akaunti ya aina ile. Fedha zote zilikuwa ziada isiyoruhusiwa. Akiziacha humo, atatozwa faini mwaka hadi mwaka.

Marlys hakungoja amalize. Alitoka mbio kumpigia Curtis.

Jioni Curtis alikuja, akaketi jikoni bila kuvua koti. Mkononi alikuwa na karatasi ya Marlys kumpa yeye nusu ya kijumba cha ziwani, ambacho Marlys alirithi kwa baba yake.

"Sahihi kwa sahihi," alisema. "We tia hapa, mi natia kwenye kodi."

"Kile ni cha baba yangu, Curtis."

"Na paa lake nililiezeka mimi, mgongo ukaniuma msimu mzima. Haya, lipa faini basi, bibi mwenye urithi."

Neno la paa lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma. Marlys alishika kalamu. Kisha akaiweka chini, akamwomba aondoke.

Asubuhi alirudi kwa Bi. Tollefson, na safari hii alisikiliza hadi mwisho.

"Jana ulinikatiza, mwanangu. Zitoe leo, pamoja na faida iliyozaliwa humo. Faida utailipia kodi, na ukijaza peke yako utakatwa zaidi. Lakini faini haitakugusa."

Huko benki, karani alitaka kuziandika kama fedha za matumizi ya kawaida. Marlys alikataa kuondoka dirishani hadi iandikwe kwamba ni ziada inayoondolewa. Karani akaenda kumwita mkubwa wake. Foleni ilinung'unika nyuma yake, naye akasimama hapohapo, jasho likimtoka ndani ya sweta, hadi akapewa risiti. Alasiri fomu yake ikaenda, yenye jina moja.

Curtis alipiga simu jua likizama. Bi. Tollefson alikuwa amemwonyesha kwamba naye, akijaza peke yake, atakatwa zaidi.

"Lete hiyo fomu nitie sahihi," alisema. "Mambo ya kijumba tuyaache."

"Nimeshapeleka yangu."

Curtis akaanza kueleza tena hesabu za Bi. Tollefson.

"Paa nitakulipa," Marlys akasema. "Niambie mbao ziligharimu kiasi gani." Akakata simu, akakaa kwenye ngazi za nyuma akilia, bila kujua kama analilia ndoa au uchovu.