Kioo Kinachosikia

Homa ya uti wa mgongo ilipomwachia Sihaba, iliondoka na masikio yake. Alirudi kwenye saluni yake ya Dunda akiwa hasikii hata bodaboda ikinguruma mlangoni. Vidole vyake vilikuwa vilevile. Kilichomshinda ni maneno ya wateja. Msusi husimama nyuma ya mtu, kwa hiyo alijifunza kusoma midomo kwenye kioo, lakini mteja akiinama asukwe kisogoni, midomo inapotea. Bi harusi mmoja aliomba asikatwe nywele za mbele, Sihaba akazikata. Habari zikaenea mtaani.

Kaka yake, Kitwana, ndiye aliyesimamia vyumba vya biashara walivyoachiwa na marehemu baba yao, kikiwamo hicho cha saluni. Alikuja kutoka Fukayosi, akamwandikia kwenye simu: "Funga. Rudi nyumbani tulime. Chumba atachukua muuza vipodozi."

"Sitoki," Sihaba alijibu kwa sauti ambayo hakujua tena ukubwa wake. "Mikono yangu haijaugua."

Kitwana akaandika tena: "Utawahudumiaje watu usiowasikia?"

Sihaba alimfungulia mlango, Kitwana akaondoka. 

Jibu alianza kulitafuta kesho yake. Simu yake ilikuwa na programu ya kuandika maneno yanayosemwa, ila msusi hana mkono wa tatu wa kushikia simu. Mtandaoni aliona watu wametengeneza vioo vya kujitazamia vinavyoonyesha saa na hali ya hewa. Yeye alitaka kinachoonyesha mazungumzo.

Kwa fundi kompyuta alipata skrini nzima kutoka kwenye laptopu iliyokufa, pamoja na kibao cha kuiunganisha na simu. Akachukua kioo cheupe cha dirisha, akakibandika tinti ya gari, ile inayomrudishia aliye nje uso wake. Ikajaa mapovu. Akaibandua, akaanza upya. Seremala alimchongea fremu yenye kina, skrini ikakaa nyuma ya kioo, ikaunganishwa na simu. Alipoiwasha, uso wake ulionekana hafifu na maandishi hayakuonekana kabisa, kwa kuwa mwanga ulipenya kwa nyuma. Akaziba kila upenyo kwa kitambaa cheusi, akabadilisha maandishi yawe meupe juu ya weusi.

"Bismillahi," akasema.

Ndani ya kioo, chini ya kidevu chake, neno hilo likatokea. Sihaba alikaa kwenye kiti cha wateja, akalia mpaka akatosheka.

Wapo waliosema saluni ina jini. Aliwajibu kwamba jini huyo anajua kusoma na kuandika, waje wamjaribu. Wa kwanza kuja alikuwa Mwalimu Evarista wa Kerege. Aliomba asukwe mabutu, kioo kikaandika "mabati".

"Nikuezeke kabisa, mwalimu?" Sihaba aliuliza, wakacheka wote wawili.

Evarista alikuwa ameinama, kichwa nusu kimesukwa, Kitwana alipoingia na muuza vipodozi. Hakutoa salamu. Alisimama nyuma ya dada yake akaanza kumwonyesha mgeni kuta. Maneno yakapanda kwenye kioo: *Hapa utaweka kabati. Huyu usimjali, hasikii kitu. Nitamwondoa kabla ya mwezi kwisha.*

Mikono ya Sihaba ikasimama.

"Kabati haliwekwi, kaka," alisema bila kugeuka. "Na mimi huniondoi."

*Nani kakwambia?* kioo kiliandika.

"Wewe mwenyewe. Tazama."

Kitwana akasogea, akasoma. Muuza vipodozi naye akasoma, akarudi nyuma hatua moja.

*Nilikuwa nakuonea huruma,* Kitwana alijitetea.

"Huruma gani ya kunisemea kisogoni?" Sasa Sihaba aligeuka. "Nina haki kwenye chumba hiki kama wewe. Ukitaka kunitoa twende mahakamani, nami nitakuja na kioo changu. Ukitaka kuongea, kaa kwenye foleni, namalizia kichwa cha mwalimu."

Kitwana alifungua mdomo, akatupia jicho kioo, akaufunga. Alitoka. Muuza vipodozi alibaki mlangoni kidogo, akasema jambo taratibu, kioo kikaliandika: *Samahani, dada. Mimi niliambiwa umeshakubali.*

Kitwana hajaomba radhi hadi leo, ila suala la chumba hajaligusa tena. Kioo bado hukosea, hasa wanapokuja akina mama wa vijijini wanaochanganya Kiswahili na Kikwere. Sihaba huwaambia warudie, naye haoni haya. Hivi sasa anatengeneza kioo cha pili, maana kiti kimoja hakiwatoshi tena wateja.