Kochi la Bure

Kochi halikupita mlangoni. Mwashi alikuwa ameliona mtandaoni, limeandikwa "Njoo uchukue, bure," akalikimbilia kabla wengine hawajaamka. Sasa lilikuwa uani, refu kama basi, na mvua ilianza kudondoka.

"Lirudishe, baba watoto," mkewe alisema huku akicheka.

"Nirudishe kitu cha bure? Lete nyundo!"

Akabomoa mlango na kipande cha ukuta alioujenga mwenyewe. Kochi likaingia kabla halijalowa, watoto wakalirukia kwa kelele. Mkewe akajinyoosha juu yake. "Ee, hii ndiyo raha!"

Raha hiyo iligharimu mlango mmoja, fremu yake, matofali kumi na moja, na usingizi wa mwashi, aliyekesha juu ya kochi akilinda tundu.