Zege Lililokanyagwa Njiani

Jua la mchana lilikuwa la utosi lori la zege lilipokwama kwenye foleni, nyuma ya trela lililopinduka. Dereva, mama wa watoto wawili, alichungulia kioo cha pembeni akaona pipa linazunguka kwa shida. Zege lilikuwa limeanza kuganda. Likifika gumu litakataliwa, na kibarua chake kitaota nyasi.

Marehemu mumewe alikuja akipenya katikati ya magari, kama alivyozoea. Alikuwa fundi ujenzi. Aliangukiwa na sakafu ya ghorofa ambayo zege lake lilizidishwa maji. Vumbi lilikuwa bado halijamtoka mabegani.

"Watoto wamekula?"

"Wamekula. Baba Watoto, zege linanifia."

Alivua viatu, akakwea ngazi ya nyuma, akaingia ndani ya pipa. Njia nzima alisikika akilikanyaga na kuhema. Abiria wa basi la jirani walifunga madirisha kwa sababu ya kelele.

Kwenye ujenzi wa bweni la wasichana, mpimaji alijaza zege kwenye koni ya chuma kupima kama lina maji mengi, akainyanyua. Zege lilishuka kidogo, likatulia.

"Safi kabisa," alisema.

Msimamizi hata hakugeuka. "Tia maji. Bomba la kusukuma zege linataka uji, na mimi nataka kumaliza leo."

"Kaka, nakuomba," dereva alisema. "Watoto wa watu watalala chini yake."

"Kama huwezi, teremka. Madereva wamejaa getini."

Mama alipiga magoti kwenye kokoto, akaishika koki ya maji ya lori kwa mikono yote miwili. Msimamizi alimbandua vidole kimoja kimoja. Mpimaji alitazama viatu vyake.

Maji yakaingia. Mumewe alitoka pamoja na zege, akajipangusa macho, wala hakumlaumu mtu. Alipita katikati ya miti iliyotegemeza mbao za sakafu mpya ya juu, akasimama chini yake, akainua mikono mpaka viganja vikagusa mbao.

"Jioni utakuja nyumbani?" mkewe aliuliza.

"Nikitoka, nani atashika?"

Mkewe alimkumbatia kiunoni akamvuta kwa nguvu zake zote. Mumewe hakusogea. Mke alilia hadi sauti ikamkauka.

Msimamizi aliingia, akamkagua marehemu kuanzia nyayo hadi ncha za vidole.

"Huyu anatosha upande huu," alimwambia seremala. "Ng'oa miti, tukaitumie kwingine."

Seremala akachukua nyundo.